Modeste Mfunikaji na Ndege ya Papa Didier

Mimi nauza vitambaa Kadutu, na kwa miaka kumi na minne jirani yangu wa ukuta kwa ukuta amekuwa mtu anayevisha majeneza. Anaitwa Modeste Zagabe. Seremala humletea sanduku likiwa mbao tupu, yeye hulivisha satini nje na ndani, huikunja marinda pembeni, hupigilia misumari midogo yenye vichwa vya njano, na sanduku lililokuwa likitia aibu asubuhi, jioni linabebwa mabegani na watu wanasema marehemu amezikwa kwa heshima. Kadutu nzima inamwita Modeste Mfunikaji.

Niseme wazi tangu mwanzo kwamba kazi hiyo ilinitia kinyaa. Kwetu sisi, watu wa Uvira ambao mababu zetu walitoka pwani, maiti huoshwa, huvikwa sanda, hulazwa udongoni, basi. Sijaona bado mchwa aliyezuiwa na marinda. Lakini kinyaa changu hakikunizuia kumuuzia Modeste satini, jora baada ya jora, kwa hiyo msinione mtakatifu.

Tena si maiti walionichefua. Ni mbao. Masanduku mengi yaliyoingia kwa Modeste yalikuwa ya mbao za kofraje, zile ambazo waashi hupigilia kushikilia sementi mpaka ikauke. Zikishatumika nyumba tatu nne, zimelowa, zimepinda, zimejaa matundu ya misumari na ukungu wa kijani, ndipo zinapokuja kulaza mkristo. Nyingine zilikuwa makreti yaliyobeba samaki wa chumvi, na hata ukiyafunika kwa satini mara mbili, jua likichoma kidogo unajua aliyelala humo kabla ya marehemu alikuwa nani. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Huku kwetu hata hicho kipande cha mti kilikuwa kimeoza.

Mbao hizo zililetwa na Papa Didier. Yeye ni rais wa mutuelle ya msiba ya mtaa wetu. Familia zinachanga mwaka mzima, na siku kifo kinapobisha hodi, mutuelle inaleta sanduku tayari, hakuna kuhangaika. Papa Didier ndiye anayenunua mbao, ndiye anayemchagua seremala, ndiye anayempelekea Modeste kazi. Ni mtu mkubwa, wa benchi la mbele kanisani, anayekohoa kabla ya kusema ili watu wanyamaze. Katika kila masanduku kumi aliyovisha Modeste, manane yalikuwa ya mutuelle. Mke wake, Eulalie, ana ugonjwa wa sukari, na dawa zake zilitoka katika satini ile. Modeste alijua hivyo, na Papa Didier alijua kwamba Modeste anajua.

Sasa, jambo la ajabu ni kwamba sijapata kuona mtu mwepesi wa kuchefukwa kama huyo Modeste. Ananawa mpaka viwikoni kabla ya kugusa mkate. Akiona nywele kwenye sombe, yale majani ya muhogo, siku hiyo hali tena. Mtu akitafuna mdomo wazi mbele yake, anahama benchi. Na ana tabia moja iliyokuwa ikinichekesha mpaka nilipoielewa: kila akimaliza sanduku ananusa vidole vyake, ananawa, ananusa tena, anakunja uso. Nadhani ndiyo maana alikuwa fundi mwepesi hivyo. Alifunika haraka ili asiendelee kutazama.

Basi Jumatatu moja ya masika, matope yakiwa yameteremka mlimani hadi mlangoni kwangu, Papa Didier alifika na wapagazi wawili wamebeba kitu ndani ya turubai. Walikiweka juu ya meza ya Modeste, wakakifunua. Ilikuwa ndege. Si ya mtoto kuchezea, ni ile ya kuongozwa kwa redio, mabawa yake marefu kuliko mikono ya mtu aliyeinyosha, na ilikuwa chafu kiasi kwamba mpagazi mmoja alijifuta mikono kwenye ukuta wangu. Nikamwambia aufute ukuta pia.

"Modeste, unaona hii?" akasema Papa Didier baada ya kukohoa. "Iko ndege ya kaka yangu mukubwa, Mungu amulaze. Aliitosha Ubelgiji akaileta huku, alikuwaka anairusha kule Kamanyola, fasi ya tambarare, si kama huku kwetu kwenye milima. Sasa harusi ya mutoto wangu Rosette iko Jumamosi hii. Ndege itapita juu ya kiwanja ya kanisa, itamwaga maua juu ya bibi-harusi na batoto ba chorale. Photographe amekwisha kutia moteur mupya ya batterie. Barua ya ruhusa niko nayo. Weye badilisha ngozi tu."

"Ngozi ya namna gani, Papa Président?"

"Satin. Nyeupe na rose. Ile ile ya mutuelle."

Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu, nikacheka. Kisha kicheko kikanikauka. Bibi-harusi apitishiwe kichwani kitambaa cha majeneza, tena na baba yake mzazi!

Modeste akajaribu. Akasema satini ni nzito, inakunywa unyevu, kitu cha kuruka kinataka ngozi nyembamba iliyokazwa.

"Weye iko mufunikaji ao ingénieur?" akauliza Papa Didier, akaondoka bila kungoja jibu.

Modeste akaanza kuichuna. Ndege ile ilikuwa imevishwa zamani kitambaa chembamba cha hariri kilichopakwa vanishi, na bila shaka kiliwahi kuwa chekundu. Sasa kilikuwa rangi ya ini bovu. Ukikigusa kinapasuka, ukikivuta kinatoka vipande vipande kama ganda la kitunguu. Na juu ya kila mpasuko mtu alikuwa amebandika uchafu wake: skochi iliyogeuka kamasi ya njano, plasta ya kidonda, kipande cha kaliko ya kampeni chenye jicho moja na nusu ya masharubu ya mgombea fulani, na kwenye tundu moja karibu na mkia, shikleti. Shikleti iliyotafunwa, yenye alama za meno. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ametoa kilichooza kabla ya kubandika kipya. Nilitazama vile vipande vinavyopangwa kwenye gazeti, nikasema moyoni kwamba hii si ndege, huu ni mji wetu.

Chini ya ngozi ndiko kulikuwa na maajabu yenyewe. Mota ya zamani ilikuwa ikinywa mafuta yaliyochanganywa na ya nyonyo, na kuyatapika nyuma juu ya mwili wa ndege. Miaka ishirini darini kwa Papa Didier, mafuta yale yalikuwa yamegeuka jamu nyeusi, na katika jamu hiyo walikuwa wamenasa mende na vifuko vya mayai yao. Ndani ya tumbo la ndege, panya alikuwa amejenga kiota kwa pamba ya godoro, akazaa, na watoto wake wanne walikuwa bado humo, wamekauka, hawana hata manyoya. Harufu iliyotoka pale ilipita ukutani ikaingia kwenye vitenge vyangu. Modeste akatoka mbio, akatapika mtaroni. Nikampelekea maji na limau, naye akanishukuru kwa kichwa tu.

Nikamwambia, "Mwambie amutafute mutu ingine."

"Mutu ingine atafanya," akasema Modeste, akarudi ndani.

Alinunua unga wa muhogo. Akaumwaga juu ya mbao zilizolowa mafuta, akauacha uyanywe, siku ya pili akaukwangua kwa kisu cha mti. Ulitoka kahawia, unanata. Akamwaga mwingine. Ulitoka rangi ya chai. Safari ya tatu ulitoka karibu mweupe, na mifupa ya ndege ikaonekana: mbao nyepesi nyepesi, nyembamba kama za boksi la sabuni, zimepangwa kwa ustadi mkubwa. Aliyeiunda alikuwa fundi, na nilimheshimu kuliko wote waliokuja baada yake na skochi zao.

Jumatano, saa nne, Modeste akaniita.

"Maman Asumini, kuya utie kidole hapa."

"Sitii kidole changu kwenye uchafu wako."

"Tia."

Ndani ya bawa kuna mti mmoja unaotoka ncha hadi ncha, ndio unaobeba vyote. Nikatia kidole. Mti uliingia ndani kama andazi lililolowa chai. Dumuzi walikuwa wameutoboa, na kila ulipogusa ulimwaga unga mwembamba wa njano. Katikati ulikuwa umewahi kuvunjika, na mtu aliuunga kwa njiti za kiberiti na gundi, kisha akafunika na kunyamaza. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami sikuwahi kukiona kwa macho kabla ya siku ile.

Modeste akanionyesha pua ya ndege, mahali mota na betri zinapokaa. Nilizipima kwa mkono. Zilikuwa na uzito wa tofali.

"Bawa ikikunjika kule juu," akasema, "hii pua inashuka kama nyundo. Na chini iko Rosette na batoto."

Akampigia simu Papa Didier mbele yangu, sauti ikisikika nje. Akamweleza taratibu, kwa adabu zote, kwamba mti wa bawa umeoza, kwamba anamjua fundi mmoja wa gitaa mtaa wa Nyawera anayeweza kuuchonga mwingine, kwamba itachukua siku kumi.

"Harusi iko samedi," ikasema simu.

"Basi iruke siku ingine, Papa Président. Ku baptême, mutoto akibatizwa."

Kisha kikohozi.

"Modeste, nani ataangalia ndani?"

"Lakini batoto..."

"Miye niko nauliza: nani ataangalia ndani? Funika. Ama sivyo niipeleke Cimpunda, kule kuko batu banaotaka kazi."

Simu ikakatwa. Cimpunda kulikuwa na mfunikaji mwingine, mtu wa gundi nyingi na maswali machache, ambaye tangu zamani aliikodolea macho kazi ya mutuelle. Sote wawili tulielewa hesabu ile. Modeste akikataa, ndege itavishwa Cimpunda kabla ya chakula cha mchana na itaruka vilevile, watoto watakuwa chini yake vilevile, na Eulalie atakosa dawa. Akikubali, atakuwa ameivisha yeye kwa mikono yake. Nilimwona anakaa juu ya kigoda katikati ya masanduku matatu yaliyokuwa tayari, meupe, yenye marinda, na kwa mara ya kwanza nilimhurumia badala ya kumcheka.

Alikata satini. Aliitandika juu ya bawa moja, akaivuta, akashika nyundo. Kisha akanusa vidole vyake, akaitoa satini, akaikunja vizuri, akairudisha kwangu. Sikuwahi kurudishiwa kitambaa na Modeste.

"Ile nailoni ya kufungia kikapu ya zawadi ku harusi, bado uko nayo?" akaniuliza. "Ile inayojikaza ikipata moto."

"Niko nayo. Ya rangi gani?"

"Ya kuonyesha ndani."

Nilielewa palepale, nikaogopa. Nikamuuliza atakula nini baada ya Jumamosi. Sikumuuliza kwa upole, maana mimi nikiogopa hukasirika. Nikamwambia mkono mtupu haulambwi, kwamba mutuelle ni mlango wake wa pekee, kwamba ana mgonjwa ndani ya nyumba.

"Maman," akasema, "weye uliona nikitapika Jumatatu. Unazani ni juu ya panya? Miaka yote hii niko nakula, na ile harufu ya mbao iko mu mikono. Eulalie anapika muzuri, mi nasikia mbao. Imenichosha. Imenichosha sana."

Nikampa nailoni, roli nzima, na sikutaka kitu.

Kazi aliyoifanya siku mbili zile, sijaona mfano wake. Umeme ulikuwa umekatika kama kawaida, akawasha pasi ya makaa, akaivisha soksi ya pamba ili isichome. Alipaka gundi nyembamba kwenye kingo tu, akalaza nailoni, akaivuta kutoka katikati kwenda pembeni kwa ncha za vidole, kisha akapitisha pasi bila kukandamiza. Mikunjo ikakimbia. Ukipiga bawa kwa ukucha lililia kama ngoma ndogo. Hakuweka rinda hata moja, wala msumari wa njano. Kila ubavu wa ndege ulionekana, kila kiungo, na katikati yake ule mti mkuu na matundu yake yote, njiti za kiberiti zikiwa zimejipanga kama meno mabovu. Hata unga wa dumuzi hakuufuta. Ulikuwa umelala chini ya nailoni, umekusanyika pembeni.

Ijumaa mchana Papa Didier akaja. Nilitarajia aje na wapagazi, lakini alikuja na Rosette mwenyewe, maana alitaka kumwonyesha binti yake zawadi kabla ya watu wengine. Rosette ni mwalimu wa shule ya msingi, msichana mwembamba wa sauti ya chini, na kichwa chake kilikuwa tayari kimesukwa kwa ajili ya kesho. Wale watoto wa kwaya ni wanafunzi wake. Nikaacha wateja wangu wawili bila kuwaaga, nikaenda kusimama mlangoni kwa Modeste.

Papa Didier alitazama ndege. Akaizunguka meza. Akakohoa, ingawa sote tulikuwa kimya.

"Ni nini hii?"

"Iko ngozi, Papa Président. Uliomba ngozi."

"Niliomba satin!"

"Satin haionyeshi."

Mishipa ya shingo ilimsimama. Akaanza kumtukana Modeste kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, kisha kwa Mashi, lugha yao ya nyumbani, kwa sababu matusi ya Mashi ndiyo yanayofika ndani. Rosette hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameinama juu ya bawa.

"Papa Modeste, hii matundu ni ya nini?"

Modeste akamwambia. Hakupunguza kitu. Akamwambia habari za dumuzi, za njiti za kiberiti, za uzito wa pua, za mahali watoto watakaposimama. Kisha akachukua wembe, akapasua kidirisha kidogo katika kazi yake nzuri, akamwambia atie kidole. Rosette akatia. Kilitoka na unga wa njano, akautazama.

"Papa, ulijua?"

"Mwanangu, ni kitu ya dakika tano. Inapita, inamwaga maua, imeisha."

"Nauliza kama ulijua."

"Ingetokea muzuri sana ku photo," akasema Papa Didier.

Nimeona mende katika jamu na panya waliokaukia tumboni mwa ndege, lakini kichefuchefu kilichonipanda kwa sentensi ile hakijawahi kunipanda. Mtu amesimama mbele ya mwanawe wa kumzaa, kidole cha mtoto kikiwa na unga wa mti uliooza, na yeye anawaza picha! Nilitaka kumtemea mate. Sikutema kwa sababu ya Rosette tu.

Rosette akapangusa kidole chake kwenye gazeti. Ndipo akainua macho, akaona mahali alipo. Masanduku matatu ya mutuelle yalikuwa juu ya vigoda nyuma ya Modeste, yaking'aa. Akalisogelea la kwanza, akashika rinda, akalibonyeza taratibu, kama alivyobonyeza bawa. Kitambaa kiliingia ndani kuliko inavyopaswa.

"Na hizi?" akauliza. "Ndani iko mbao gani?"

Papa Didier akamshika kiwiko.

"Rosette, twende," akasema Papa Didier. "Batu banatungojea."

Rosette hakusogea. Nilimwona anakumbuka jambo, nikajua ni lipi kabla hajafungua mdomo, kwa maana satini ya sanduku alilolikumbuka niliikata mimi mwenyewe, mita kumi na moja, na mtaa mzima uliisifu.

"Na ya mama?"

Papa Didier akatazama mlango. Modeste akatazama mikono yake.

"Mi niko nafunikaka tu, mwanangu," akasema. "Mbao haikuwa yangu, inakuyaka imekwisha kupigiliwa, mi natia tu..." Uso ukamkunjamana kama mtu aliyeuma kitu kibovu, nikadhani atakimbilia mtaroni tena. Hakukimbia. "Apana," akasema. "Niliona. Ya mama yako ilikuwa imeoza kote chini, niliona, na nikafunika."

Rosette hakulia. Alichukua koleo la misumari kutoka mezani, akaliweka mkononi mwa Modeste, akaelekeza kidevu kwenye sanduku lililokuwa karibu.

"Tosha hii satin yote, mbao ibaki," akasema. "Papa aangalie."